Vijana, demokrasia na haki za binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mada ya vijana na siasa inapozuka, iwe darasani, kwenye kongamano au nyumbani baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa. Mengine yana majibu mafupi. Mengine hayana jibu moja, na hapo nimesema ninavyoona mimi.

Je, ni kweli vijana wameichoka demokrasia?

Kuna ukweli ndani ya madai hayo, na haupaswi kupuuzwa. Mwaka 2023 taasisi ya Open Society Foundations ilitoa matokeo ya utafiti uliohoji zaidi ya watu 36,000 katika nchi 30. Asilimia 86 walisema wangependa kuishi katika nchi ya kidemokrasia. Ukiishia hapo utadhani mambo ni shwari. Lakini walipoulizwa kama demokrasia ni bora kuliko aina nyingine yoyote ya serikali, waliokubali miongoni mwa wenye miaka 56 na kuendelea walikuwa asilimia 71, ilhali miongoni mwa wenye miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 57. Isitoshe, asilimia 42 ya vijana hao waliona kwamba utawala wa jeshi ni njia nzuri ya kuendesha nchi. Kwa wazee ilikuwa asilimia 20.

Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walijumlisha majibu ya watu wapatao milioni 4.8 kutoka nchi 160, yaliyokusanywa tangu mwaka 1973. Waligundua kwamba waliozaliwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakuridhika na demokrasia kiasi walichoridhika wazazi wao walipokuwa na umri uleule.

Ila kutoridhika ni jambo moja na kukataa ni jingine. Anayelalamika kwamba basi limechelewa bado anataka kusafiri. Nikizisoma tafiti hizi kwa pamoja naona vijana wengi wanaozipenda haki zenyewe: kusema bila woga, kutobaguliwa, kutopigwa na polisi, kupata kazi na elimu. Wasichokiamini ni vyombo vinavyotakiwa kuzilinda haki hizo, yaani bunge, vyama vya siasa, tume ya uchaguzi na wakati mwingine hata mahakama. Pengo hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana mtu anayeipenda haki na kukidharau chombo kinachoilinda anaweza kukiacha kibomolewe huku akishangilia.

"Kijana" ni nani katika tafiti hizi?

Inategemea nani anahesabu. Takwimu za Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema 15 hadi 35. Kura nyingi za maoni huhoji watu kuanzia miaka 18. Kwa hiyo ukisoma "vijana wanasema hivi", angalia kwanza ni vijana gani: mwanafunzi wa miaka 16 na mzazi wa watoto wawili mwenye miaka 34 hawadai kitu kilekile kwa serikali.

Utafiti unapouliza kuhusu demokrasia, unapima nini hasa?

Hapa pana mabishano makali. Mwaka 2016 watafiti wawili, Roberto Foa na Yascha Mounk, walizua gumzo kwa makala iliyotumia takwimu za mradi wa World Values Survey, unaohoji watu wa nchi nyingi kuhusu imani na maadili yao. Watu waliombwa kutaja kwa alama, kuanzia 1 hadi 10, kuishi katika nchi ya kidemokrasia kuna umuhimu gani kwao. Nchini Marekani, asilimia 72 ya waliozaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walitoa alama 10. Kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 1980, waliotoa 10 walikuwa asilimia 30 hivi. Magazeti yakaandika kwamba kizazi kipya kimeitupa demokrasia.

Wataalamu wengine, wakiwemo Pippa Norris na Erik Voeten, walipinga tafsiri hiyo. Hesabu ile ilimtazama aliyetoa 10 peke yake, na kumweka aliyetoa 8 au 9 kapu moja na aliyetoa 1. Ukichukua wastani wa alama zote, tofauti kati ya wazee na vijana inabaki, lakini inapungua sana.

Kuna na jambo la pili, ambalo waandishi wa habari hulisahau karibu kila mara. Kijana akijibu tofauti na mzee, sababu inaweza kuwa umri, na atabadilika akikua. Inaweza kuwa kizazi, yaani mambo aliyoyaona akiwa mdogo, na hayo hataachana nayo. Au inaweza kuwa kipindi, pengine bei zimepanda mwaka huo na kila mtu amekasirika. Utafiti wa mara moja hauwezi kutenganisha mambo haya matatu. Inabidi swali lilelile liulizwe kwa miaka mingi, ndiyo maana miradi ya kukusanya maoni kama Afrobarometer ya Afrika, iliyoanza mwaka 1999, na Latinobarómetro ya Amerika ya Kilatini, iliyoanza 1995, ina thamani kuliko kura ya maoni ya wiki moja.

La mwisho: maswali ya jumla huvuna majibu ya jumla. Mtu huyohuyo anaweza kusema demokrasia ni muhimu sana, halafu swali la tatu chini yake akakubali kwamba nchi inahitaji kiongozi mkali asiyesumbuliwa na bunge. Hadanganyi. Hajawahi tu kulazimika kuyaweka mawazo hayo mawili pamoja.

Kwa nini baadhi ya vijana wako tayari kulikubali jeshi?

Katika tafiti za Afrobarometer, watu wapatao theluthi mbili husema wanapendelea demokrasia, lakini zaidi ya nusu husema jeshi linaweza kuchukua madaraka iwapo viongozi waliochaguliwa wanayatumia vibaya kwa manufaa yao. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mtu anayejibu hivyo halitaki jeshi kwa sababu ya jeshi. Analitaka kwa sababu amekata tamaa na njia nyingine za kumwondoa aliyekaa madarakani: kesi haziendi, uchaguzi unaibiwa, bunge limenunuliwa.

Pia kuna suala la kumbukumbu. Madagascar inaonyesha vizuri. Mwaka 2009 Andry Rajoelina, aliyekuwa meya wa Antananarivo na mwenye miaka 34 tu, aliingia madarakani baada ya maandamano makubwa, akiungwa mkono na kikosi cha jeshi kiitwacho CAPSAT. Septemba 2025 vijana waliingia barabarani wakilalamikia kukatika kwa maji na umeme, wakamtaka yeye aondoke. Kikosi kilekile kikageuka, Rajoelina akakimbia nchi, na tarehe 17 Oktoba 2025 Kanali Michael Randrianirina akaapishwa kuwa rais. Wengi wa walioandamana mwaka 2025 walikuwa watoto wadogo mwaka 2009. Hawakuwa na kumbukumbu yao wenyewe ya mara ya kwanza.

Sudan ni somo zito zaidi. Aprili 2019 maandamano yaliyojaa vijana na wanawake yalimaliza miaka 30 ya utawala wa Omar al-Bashir. Jeshi lilikubali kugawana madaraka na raia, kisha tarehe 25 Oktoba 2021 likayachukua yote. Aprili 2023 jeshi na wanamgambo wa RSF, waliokuwa washirika katika mapinduzi hayo, walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Katika vita hivyo mamilioni ya watu wamekimbia makazi yao.

Ni haki kutaja pia mfano unaokwenda kinyume. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno walipindua udikteta, na mwaka mmoja baadaye, siku ileile, nchi ilipiga kura huru. Yametokea. Lakini anayelishangilia jeshi hajui siku hiyo atapata Ureno au Sudan, na akishagundua, chombo cha kulalamikia kitakuwa kimefungwa.

Vijana wanazielewaje haki za binadamu?

Kwa upana kuliko wanasiasa wengi, na hapo nadhani wako sahihi. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48 bila hata moja ya kupinga, huku nchi 8 zikijizuia kupiga kura, lina vifungu 30. Watu hukumbuka kile cha uhuru wa maoni, namba 19. Wachache hukumbuka kwamba namba 23 inazungumzia kazi, 25 maisha ya staha pamoja na chakula, makazi na matibabu, na 26 elimu. Kijana asiye na ajira anaposema haki zake zimevunjwa, haongei kwa mafumbo. Anasema kilichoandikwa.

Vijana pia wamezipeleka haki mahali ambapo walioandika Tamko hawakufikiria. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali hoja za walalamikaji, wengi wao vijana, kwamba sheria ya tabianchi ya nchi hiyo iliusukuma mzigo mkubwa wa kupunguza hewa chafu kwa miaka ya baadaye, na hivyo kuhatarisha uhuru wao wa kesho. Mwaka 2023 vijana 16 wa jimbo la Montana, Marekani, walishinda kesi dhidi ya jimbo lao kwa kutumia kifungu cha katiba kuhusu mazingira safi. Katikati ya kesi hizo, Julai 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi na salama kuwa haki ya binadamu, kwa kura 161.

Udhaifu uko upande mwingine. Ni rahisi kuitetea haki ya mtu unayempenda. Haki hupimwa kwa mtuhumiwa wa wizi, mfungwa, mhamiaji, mtu wa dini au kabila lisilopendwa, na mpinzani mwenye mdomo mchafu. Hapo vijana hawana tofauti kubwa na wazee wao: wapo wanaolaani polisi kumpiga mwandamanaji asubuhi, na jioni wanasambaza video ya kibaka akichomwa moto huku wakiandika "amestahili".

Haki zinaweza kulindwa bila demokrasia?

Baadhi zinaweza kutolewa. Mtawala asiyechaguliwa anaweza kujenga hospitali, kusomesha watoto na kuweka barabara safi, na wapo waliofanya hivyo. Tatizo ni kwamba alichotoa anaweza kukichukua, na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana kifungu cha 21 cha Tamko kinasema utashi wa wananchi ndio msingi wa mamlaka ya serikali, na kwamba utashi huo uonyeshwe kwa uchaguzi wa kweli unaofanyika kila baada ya muda.

Mbona vijana wanaandamana lakini hawapigi kura?

Wengine hufanya yote mawili. Ila kwa ujumla ni kweli kwamba katika nchi nyingi vijana hupiga kura kidogo kuliko wazee. Nchini Marekani mwaka 2020, katika uchaguzi uliovuta watu wengi kuliko kawaida, takriban nusu ya wenye miaka 18 hadi 24 walipiga kura. Kwa wenye miaka 65 hadi 74 ilikuwa asilimia 76.

Uvivu si maelezo ya kutosha. Kijana huhama mara kwa mara kwa ajili ya masomo na kazi, na daftari la wapiga kura mara nyingi linamkuta alikokuwa mwaka juzi. Hana kitambulisho. Wagombea hawamzungumzii kwa sababu hapigi kura, naye hapigi kura kwa sababu hawamzungumzii. Tena kupiga kura ni mazoea: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba anayepiga mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kurudi.

Ukitaka kuona kinachotokea watu wakitoka barabarani na kuingia kwenye kura, itazame Chile. Mwaka 2011 wanafunzi waliandamana kwa miezi kadhaa wakidai elimu ya umma ya bure na bora. Baadhi ya viongozi wao, Camila Vallejo, Giorgio Jackson na Gabriel Boric, waligombea ubunge mwaka 2013 na wakashinda. Desemba 2021 Boric alichaguliwa kuwa rais akiwa na miaka 35. Hadithi ingeweza kuishia hapo na kila mtu akapiga makofi. Lakini tarehe 4 Septemba 2022 rasimu ya katiba mpya, ambayo yeye na wenzake waliiunga mkono, ilikataliwa na asilimia 62 hivi ya wapiga kura, katika kura ambayo kushiriki kulikuwa kwa lazima na zaidi ya asilimia 85 walijitokeza. Umati wa barabarani haukuwa nchi nzima. Boric aliyakubali matokeo na kuendelea na kazi. Kwangu mimi, kukubali kwake kushindwa kunaeleza demokrasia kuliko ushindi wake.

Umri wa kupiga kura ukishushwa hadi miaka 16, itasaidia?

Inaelekea kusaidia kidogo, kwa masharti. Brazil iliwaruhusu wa miaka 16 katika katiba ya 1988, bila kuwalazimisha. Austria ilifanya hivyo mwaka 2007, Ekuado 2008, Argentina 2012, Malta 2018. Uskoti iliwaruhusu wa miaka 16 na 17 katika kura ya uhuru ya mwaka 2014, kisha ikawaacha waendelee katika chaguzi zake yenyewe.

Watafiti wa Austria waligundua kwamba wa miaka 16 na 17 walijitokeza kwa wingi kuliko wa miaka 18 hadi 20. Inaeleweka: wa miaka 16 bado yuko kwao na bado yuko shule, kwa hiyo kuna mzazi na mwalimu wa kumkumbusha. Wa miaka 19 yuko mji mgeni. Anayepinga kwa kusema watoto hawajakomaa anapaswa kueleza kwa nini hoja yake haiwagusi watu wazima wanaochagua kwa fulana na kofia.

Kwa nini vijana ni wachache bungeni?

Kwa mujibu wa Umoja wa Mabunge Duniani, yaani IPU, wabunge walio chini ya miaka 30 hawafiki asilimia 3 duniani kote, ilhali karibu nusu ya watu wa dunia wako chini ya umri huo. Sheria yenyewe ni kikwazo cha kwanza. Nchini Nigeria ilibidi vijana wafanye kampeni ya miaka kadhaa, chini ya kaulimbiu ya Not Too Young To Run, mpaka Mei 2018 katiba iliporekebishwa: umri wa kugombea urais ukashuka kutoka 40 hadi 35, na wa kuingia Baraza la Wawakilishi kutoka 30 hadi 25.

Kikwazo cha pili ni pesa, na hiki hakiondolewi kwa kubadili katiba. Ada ya fomu, magari, mabango, mawakala wa kila kituo, na wajumbe wa chama wanaotarajia kitu mkononi.

Baadhi ya nchi hutenga viti. Rwanda ina viwili vya vijana katika bunge la wawakilishi 80, Uganda ina vitano. Ni bora kuliko hakuna, ila nina shaka navyo pale ambapo chama tawala ndicho kinachoamua nani akalie. Mbunge wa vijana anayemwogopa katibu wa chama anawawakilisha vijana kwa sura tu.

Mitandao ya kijamii inaijenga demokrasia au inaibomoa?

Inafanya yote mawili, mara nyingi wiki moja. Septemba 2025 serikali ya Nepal ilifungia majukwaa makubwa ya mtandaoni. Vijana, waliokuwa tayari wamechoshwa na rushwa na watoto wa vigogo wanaojionyesha, waliingia barabarani tarehe 8. Polisi walifyatua risasi na watu wakauawa, na siku iliyofuata waziri mkuu K. P. Sharma Oli alijiuzulu. Kisha likaja jambo ambalo halikuwa limezoeleka: maelfu ya vijana walijadiliana na kupiga kura kwenye jukwaa la Discord kuhusu nani aongoze serikali ya mpito, na jina lililoongoza, Sushila Karki, jaji mkuu mstaafu, ndiye aliyeapishwa.

Inavutia, na inatisha pia. Nani alihakikisha kwamba kila mpiga kura wa Discord ni mmoja, ni raia, na si akaunti ya kununuliwa? Aliye kijijini bila simu alisemewa na nani? Kwa kupanga maandamano, mtandao hauna mpinzani. Kwa kuhesabu kura, daftari chakavu lenye mawakala wa pande zote wakilitazama bado ni salama zaidi.

Kuhusu uongo wa mtandaoni, kijana si lazima awe mjinga zaidi ya mzee. Anachokosa mara nyingi ni muda wa kutulia: algoridhimu, yaani mfumo wa mtandao unaochagua cha kumwonyesha, humletea linalokasirisha kabla ya lililo kweli. Kuzima intaneti si dawa. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani hatua hizo mwaka 2016, na kila inapozimwa wakati wa uchaguzi, uvumi ndio pekee unaobaki hewani.

Wavulana na wasichana wana mtazamo mmoja?

Zamani tofauti ilikuwa ndogo. Sasa katika nchi kadhaa inapanuka. Mfano unaotajwa sana ni Korea Kusini: katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2022, kura za maoni za watu waliokuwa wakitoka vituoni zilionyesha kwamba karibu asilimia 59 ya wanaume wa miaka ya ishirini walimchagua Yoon Suk-yeol, na asilimia 58 ya wanawake wa umri huo walimchagua mpinzani wake, Lee Jae-myung. Kizazi kimoja, nchi moja, pande mbili. Usawa wa kijinsia wenyewe ulikuwa hoja ya kampeni. Yeyote anayesema "vijana wanataka" bila kutaja ni vijana wa jinsia gani anaficha nusu ya habari.

Aliye chini ya miaka 18 ana haki za kisiasa?

Hana kura kwa kawaida, lakini haki anazo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu kila nchi duniani imeuridhia isipokuwa Marekani, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na kusikilizwa kulingana na umri na upeo wake, haki ya kujieleza, na haki ya kukusanyika kwa amani. Haki hizo ziko katika vifungu vya 12, 13 na 15. Cha ajabu, moja ya hukumu zinazojulikana sana kuhusu haki za wanafunzi ilitoka Marekani hiyohiyo. Mwaka 1965 Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13, alisimamishwa shule kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, na mwaka 1969 Mahakama ya Juu ilisema wanafunzi hawaachi uhuru wao wa kujieleza kwenye geti la shule.

Shule inaweza kufanya nini?

Zaidi ya kukaririsha mihimili mitatu ya dola. Shirika la kimataifa la utafiti wa elimu, IEA, limefanya utafiti wa elimu ya uraia miongoni mwa wanafunzi wa takriban miaka 14 katika nchi nyingi, mwaka 2009, 2016 na 2022. Wanafunzi wenye maarifa zaidi ya uraia walielekea kuunga mkono zaidi haki sawa kwa wanawake na kwa makundi madogo. Darasa ambalo mwalimu huruhusu ubishi wa heshima huenda sambamba na maarifa makubwa zaidi. Lakini katika awamu ya 2016, sehemu kubwa ya wanafunzi wa Amerika Kusini na majirani zake walioshiriki walikubali kwamba udikteta unaweza kuhalalishwa ukileta utulivu na usalama. Baadhi yao ni watoto wanaoishi karibu na magenge. Somo la uraia haliwezi kushindana na bunduki ya mtaani kama serikali nayo haifanyi kazi yake.

Njia nzuri zaidi ya kufundisha maamuzi ni kumpa mwanafunzi uamuzi wa kweli. Jiji la Boston lilianza mwaka 2014 kuwaachia vijana wa miaka 12 hadi 25 wapange matumizi ya dola milioni moja za bajeti ya miradi. Serikali ya wanafunzi inayoruhusiwa kuamua rangi ya bendera ya michezo tu hufundisha nayo, ila inafundisha kwamba uchaguzi ni mchezo wa kuigiza.

Nifanye nini kama ninapoishi kushiriki ni hatari?

Usijidanganye kuhusu hatari hiyo. Nchini Bangladesh, maandamano ya wanafunzi ya mwaka 2024 dhidi ya mgao wa nafasi za kazi serikalini yalimwondoa waziri mkuu Sheikh Hasina tarehe 5 Agosti, lakini ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba huenda watu 1,400 waliuawa ndani ya wiki chache. Hakuna anayepaswa kukushinikiza ukae mstari wa mbele.

Kwa anayeamua kwenda: ijue sheria ya mikutano ya nchi yako, mwambie mtu unakokwenda na utarudi saa ngapi, iandike namba ya wakili kwenye ngozi na si kwenye simu tu, funga simu kwa namba ya siri badala ya alama ya kidole, na usirushe picha zinazoonyesha nyuso za wenzako. Asiyekwenda ana kazi pia. Kuweka kumbukumbu za waliokamatwa, kuwapelekea ndugu zao taarifa, kuhudhuria kesi zao na kuisoma bajeti ya halmashauri ni ushiriki, ingawa haupigwi picha.

Kijana wangu anasema kura haibadilishi chochote. Nimjibuje?

Usianze kwa kumpinga. Inawezekana kabisa kwamba uchaguzi alioushuhudia ulikuwa wa hovyo, na ukimwambia vinginevyo atajua unampumbaza.

Msimulie kuhusu Malawi. Mei 2019 tume ilimtangaza Peter Mutharika mshindi wa urais, kwa fomu za matokeo ambazo baadhi zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe. Watu waliandamana kwa miezi kadhaa huku wapinzani wakiwa mahakamani. Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta matokeo, na Juni uchaguzi ulirudiwa, Lazarus Chakwera akashinda. Barabara bila mahakama isingetosha, na mahakama bila watu waliorudi kupiga kura tena isingetosha. Kisha mmalizie hadithi bila kuipamba: uchumi ukawa mgumu, na Septemba 2025 wapiga kura wakamwondoa Chakwera na kumrudisha Mutharika yuleyule.

Atacheka, au atasema "si nilikwambia". Muulize basi ni jambo gani moja linalomkera zaidi, ni ofisi gani inayolisimamia, na kama anayeikalia huchaguliwa au huteuliwa. Kama huchaguliwa, tafuteni pamoja tarehe ya mwisho ya kujiandikisha.